Mjukuu wa Dranya, Mkimbizi wa Yei

Mwanasheria kijana anayeajiriwa na shirika la misaada kuwatetea wakimbizi wilayani Koboko, Uganda, hufika na elimu ambayo haitamfaa sana katika miezi yake ya kwanza. Chuoni, iwe Makerere au kwingineko, alifundishwa sheria ya wakimbizi kama sheria ya kuthibitisha hofu. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtaka mwomba hifadhi aonyeshe kwamba ana hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa siasa. Kesi alizosoma ni za London, Toronto na Strasbourg: mtu mmoja mbele ya afisa mmoja, maswali yasiyokwisha, na jibu la leo lisipolingana na la jana, ombi linakataliwa. Kijana amejiandaa kwa mapambano hayo. Kisha anapanda basi hadi Arua, anashika barabara ya Koboko, anafungua ofisi, na mteja wa kwanza anayeketi mbele yake hana shida yoyote ya kuaminiwa kwamba ni mkimbizi. Shida yake ni kwamba ameshaaminiwa.

Uganda huwapokea watu wa Sudan Kusini na wa mashariki ya Kongo kwa kundi. Hakuna anayemhoji mmoja mmoja ili athibitishe kwamba kijiji chake kilichomwa. Anavuka mpaka, anaandikishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR, anachukuliwa alama za vidole, familia inapewa karatasi yenye picha na majina ya wote, kisha inapelekwa kwenye makazi: Bidibidi wilayani Yumbe, Rhino Camp, Imvepi, au Lobule hapa Koboko, ambako tangu mwaka 2013 wanaishi Wakongo. Wa mataifa mengine ndio wanaopitia njia iliyoelezwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006: kuomba ndani ya siku 30, kusikilizwa na kamati yenye maafisa wa wizara mbalimbali na wa vyombo vya usalama, na kukata rufaa wakikataliwa. Rufaa yenyewe ina kasoro ambayo kila wakili wa fani hii anaijua, kwamba Bodi ya Rufaa haina mamlaka ya kumpa mtu hadhi ya ukimbizi. Ikiona kamati imekosea, inairudishia kamati ile ile shauri lile lile. Ni jambo la kupiganiwa, na wapo wanaolipigania Kampala. Lakini Koboko majalada ya aina hiyo ni machache.

Majalada mengi ni ya nini basi? Nimewaongoza mawakili vijana West Nile kwa muda wa kutosha kuweza kusema hivi: ukiondoa ugomvi wa mashamba, ndoa zilizovunjika na vijana waliokamatwa usiku bila karatasi, jambo zito kuliko yote linaloletwa kwenye meza zetu ni uraia. Nalo ndilo tusilolipiwa kulishughulikia.

Ili hilo lieleweke ni lazima kuutazama mpaka. Dranya ni sabukaunti ya Wilaya ya Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005. Kaskazini kuna Sudan Kusini, magharibi kuna Kongo, na pale nchi tatu zinapokutana wenyeji hupaita Salia Musala. Wakakwa wako pande zote tatu: Koboko, Yei ya Sudan Kusini, na ng'ambo ya Kongo katika Aru na Faradje. Lugha ni moja, koo ni zile zile, na ng'ombe wa mahari huvuka mpaka bila mtu kuona ajabu.

Na mpaka wenyewe si wa kale. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo la Lado, ambalo Koboko ya leo imo ndani yake. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo likarudi Sudan. Mwaka 1914 upande wake wa kusini, yaani West Nile, ukahamishiwa Uganda. Mtu aliyezaliwa Dranya mwaka 1905 alikuwa chini ya Leopold, akiwa na miaka mitano akawa wa Sudan, na akiwa na miaka tisa akawa wa Uganda, naye hajahama kiwanja cha baba yake.

Miaka kumi na miwili baada ya hapo ndipo inapoangukia tarehe ambayo Katiba ya Uganda ya 1995 imeifanya mzizi wa uraia wote: Februari 1, 1926. Ibara ya 10 inasema raia wa kuzaliwa ni mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake mmoja, ni wa jamii ya asili iliyokuwa inaishi ndani ya mipaka ya Uganda siku hiyo, na iliyotajwa katika orodha iliyo mwishoni mwa katiba. Wakakwa wametajwa. Walugbara wametajwa. Kifungu cha pili cha ibara hiyo kinaongeza: ni raia wa kuzaliwa pia mtu aliyezaliwa popote duniani, ikiwa mzazi wake mmoja au babu au bibi yake mmoja alikuwa raia wa Uganda wa kuzaliwa wakati yeye anazaliwa.

Soma vifungu hivyo viwili ukiwa Kampala, utaona ni kanuni ya kawaida. Visome ukiwa Dranya, mbele ya watu ambao kwa miaka arobaini wamekimbilia kaskazini, wakarudi, wakakimbilia magharibi, wakarudi tena, utaona vinagusa nusu ya familia zilizo mbele yako.

Historia hiyo wakili kijana anatakiwa kuijua kwa miaka na miezi, kwa sababu ndiyo ushahidi wake. Uganda iliridhia Mkataba wa Geneva Septemba 1976, enzi za Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Wakakwa wa Koboko. Haikupita miaka mitatu watu wa nyumbani kwao wakawa ndio wenye kuuhitaji mkataba huo kuliko wote. Amin alianguka Aprili 1979, na Juni mwaka huo majeshi ya Tanzania yakafika mpaka wa Sudan. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka kutoka Sudan wakaishambulia Koboko, na jeshi jipya la serikali likalipiza kisasi kwa raia. Juni 1981 watu waliuawa Ombaci, karibu na mji wa Arua, wakiwa wamejihifadhi kwenye misheni. West Nile ikahama. Mamia ya maelfu ya watu waliingia Sudan na Zaire, wengi wao wakikaa Yei na viunga vyake hadi vita vya Sudan vilipowafuata huko na kuwarudisha nyumbani kuanzia mwaka 1986.

Ni kwa watu hao hao, huko Yei, Barbara Harrell-Bond alifanya utafiti uliozaa kitabu cha Imposing Aid mwaka 1986, kitabu kilichowalazimisha wenye mashirika ya misaada kujitazama upya. Baadaye mama huyo alikuja Makerere, na mwaka 1999 kazi yake na ya wenzake ikazaa Refugee Law Project, ambayo mawakili wengi wa wakimbizi nchini wamepitia. Kwa hiyo kijana anayefika Koboko leo na shahada yake anafuata njia iliyoanzia kwa mababu wa wateja wake. Huwa nawaambia hivyo siku ya kwanza, maana ni vizuri ajue kwamba watu hawa wameichangia fani yake kabla yeye hajazaliwa.

Nichukue jalada la aina inayojirudia, bila kumtaja mtu. Mama alizaliwa Dranya mwaka 1977. Mwaka 1980 alibebwa mgongoni hadi Yei. Wazazi wake waliporudi, yeye alibaki kwa shangazi, akakua, akaolewa na Mkakwa wa kule. Mwanawe wa kwanza alizaliwa mwaka 2000, wakati mji ukiwa mikononi mwa waasi wa SPLA. Julai 2016 mapigano yalizuka Juba, na kabla ya mwaka kwisha Yei haikukalika. Mama akavuka usiku na watoto wanne. Mpakani palikuwa na malori, maji na biskuti, na foleni moja tu, ya wakimbizi. Akaandikishwa: raia wa Sudan Kusini, mkimbizi, Bidibidi. Hakuna aliyemuuliza babu yake amezikwa wapi. Naye hakudanganya, maana alitoka Sudan Kusini, alikuwa anakimbia vita, na watoto walikuwa na njaa.

Leo kijana ana miaka zaidi ya ishirini. Mjomba wake wa Dranya amemkatia shamba, naye ameanza kulima. Anataka kusomea uuguzi, anataka laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, anataka kupiga kura kama binamu zake. Vyote vinaomba kitambulisho cha taifa. Fomu ya mamlaka ya vitambulisho, NIRA, inataka saini ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mara nyingi ya afisa wa usalama pia. Mwenyekiti anamjua vizuri: ni mtoto wa dada yetu, lakini ni mkimbizi, kadi yake tumeiona. Anakataa kusaini, na kwa upande wake ana haki ya kuogopa.

Sheria inasemaje? Mama ni raia wa Uganda wa kuzaliwa. Amezaliwa Uganda, kwa wazazi wa jamii iliyotajwa. Katiba imeruhusu uraia pacha tangu marekebisho ya 2005, kwa hiyo kuhesabiwa kwake kuwa raia wa Sudan Kusini nchi hiyo ilipozaliwa mwaka 2011 hakumwondolei uraia huo. Na kijana, ingawa alizaliwa Yei, ni raia tangu pumzi yake ya kwanza, kwa kifungu cha pili cha ibara ya 10. Mtu aliye raia wa nchi na anayelindwa nayo hawezi kuwa mkimbizi ndani ya nchi hiyo hiyo. Mkataba wa Geneva unasema wazi kwamba mwenye uraia wa nchi mbili ni lazima akose ulinzi wa zote mbili. Kwa maneno mengine, familia hii imeishi miaka yote kwenye makazi ya wakimbizi ikiwa katika nchi yake.

Hapo ndipo kijana wetu wa sheria anapotakiwa kutoa ushauri mzito kuliko wowote alioufundishwa. Mteja akijitangaza raia, atafutwa kwenye daftari la wakimbizi, na pamoja naye huenda mama na wadogo zake. Kiwanja cha Bidibidi kitakwenda, na chakula kitakwenda. Ndoto ya kuchukuliwa kwenda Marekani au Canada, ambayo familia nyingi huihifadhi hata baada ya miaka kumi ya kutoitwa, nayo itakwenda. Akinyamaza akachukua kitambulisho bila kusema, atakuwa ameandikishwa mara mbili, na kutoa taarifa za uongo ni kosa la jinai. Akikaa alivyo, shamba la mjomba litakuwa lake kwa hisani tu, na siku mjomba akifariki, watoto wa mjomba wanaweza kumwambia mkimbizi hana urithi hapa.

Hesabu ya ushauri huo imebadilika sana miaka ya karibuni, na ni makosa kuendelea kumshauri mteja kama tulivyokuwa tukishauri mwaka 2017. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu likatolewa kwenye mgao kabisa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mambo mawili yaliyomfanya mtu aone ukimbizi una faida kuliko uraia, yaani chakula cha kila mwezi na tumaini la ndege, yamepungua au yamekwisha kwa wakati mmoja. Uraia, ambao siku zote ulikuwa haki yake, sasa ndio pia maslahi yake. Wateja wameshaliona hilo. Wanakuja kuuliza wenyewe.

Kuna swali gumu zaidi, nalo ni la mtoto aliyezaliwa hapa. Chukua wazazi Wakakwa wa Yei ambao hawakuwahi kuwa na babu wala bibi upande wa Uganda. Wamevuka mwaka 2016, na mwaka 2019 wamepata mtoto katika kituo cha afya wilayani Koboko. Je, mtoto huyo ni nani? Rudi kwenye ibara ya 10, kifungu cha kwanza, ukisome neno kwa neno. Amezaliwa Uganda: ndiyo. Babu yake ni wa jamii ya asili iliyokuwa ndani ya mipaka ya Uganda Februari 1926 na iliyotajwa kwenye orodha: ni Mkakwa, na Wakakwa wametajwa. Katiba haisemi kwamba babu mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuwa ndani ya mipaka siku ile. Inasema jamii yake. Kwa usomaji huo mtoto ni raia wa Uganda wa kuzaliwa, kama vile mtoto wa mwenyekiti wa LC1.

Maafisa wengi hawakubali usomaji huo. Huona kwamba mtoto wa mkimbizi ni mkimbizi, basi. Lakini kizuizi cha mtoto wa mkimbizi kimewekwa katika ibara ya 12, inayohusu uraia wa kuandikishwa, na hakimo katika ibara ya 10. Waandishi wa katiba walijua namna ya kuwafungia wakimbizi mlango walipotaka kufanya hivyo. Kwenye uraia wa kuzaliwa hawakuufunga. Naamini hoja hii ina nguvu ya kusimama mbele ya Mahakama ya Katiba, na nasikitika kwamba shauri la namna hiyo linahitaji miaka, fedha na subira ambavyo mradi wa miezi kumi na miwili hauna.

Lakini hoja hiyo ina uchungu wake, na wakili mwaminifu haukwepi. Kwenye kitanda cha jirani katika kituo hicho hicho cha afya anaweza kuwa amelala mama Mnuer, amezaa siku ile ile, amekimbia vita vile vile. Mtoto wake hana cha kushika. Jamii yake haimo kwenye orodha, na ibara ya 12 inamzuia kuandikishwa. Kilichobaki ni uraia wa tajinisi, unaotaka miaka ishirini ya kukaa nchini. Aliyeingia mwaka 2016 ataanza kuhesabiwa anastahili mwaka 2036. Mkongo wa Lobule aliyeingia 2013, asipokuwa na jamii kwenye orodha, mwaka 2033. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililoletwa na Center for Public Interest Law pamoja na wakili Salima Namusobya, ilikubali kwamba mkimbizi anaweza kuomba tajinisi. Mlango huo kisheria upo, ila wanaopita hawaonekani. Mimi ningependa siku moja Uganda impe uraia mtoto kwa mahali alipozaliwa, bila kuulizia kabila la babu. Hata hivyo siwezi kumwambia mteja Mkakwa asubiri haki yake ya leo hadi sheria iwe nzuri kwa wote.

Majirani wetu wana mafunzo hapa. Tanzania mwaka 2014 ilikamilisha kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa mwaka 1972, waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ulikuwa uamuzi wa siasa, uliofanywa kwa wingi na kwa mkupuo mmoja, na hakuna wakili ambaye angeweza kuufikia kwa jalada moja moja. Kenya imeonyesha upande mwingine. Huko Garissa na kaunti za jirani, familia za Wakenya Wasomali zilipopigwa na ukame zilijiandikisha kwenye kambi za Dadaab ili zipate chakula na shule. Watoto wao walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine iliwatambua kwa alama za vidole kuwa ni wakimbizi. Maelfu wakabaki bila kitambulisho katika nchi yao. Shirika la Haki na Sheria la Garissa lilifikisha jambo hilo Mahakama Kuu mwaka 2021. Tofauti kati ya Garissa na Koboko ni ya wakati tu. Kadiri daftari la wakimbizi na la raia yanavyozidi kusomana hapa Uganda, ndivyo watoto wetu wa mpakani watakavyogonga ukuta ule ule.

Na tayari tumeona dalili. Mwaka 2018, baada ya tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imepandishwa, serikali na UNHCR walihakiki wote upya kwa alama za vidole. Ilikuwa inatajwa milioni 1.4, waliopatikana walikuwa kama milioni 1.1. Magazeti yaliandika wizi, na uchunguzi wa maafisa ulikuwa wa haki. Lakini tofauti kama hiyo ina watu wa kila namna ndani yake: waliorudi kwao, walioandikwa mara mbili, majina yasiyo na mwenyewe, na watu wa kabila na ardhi hii waliokuwa wameshika kadi ya mkimbizi kwa sababu ndiyo pekee waliyopewa. Hao wa mwisho waliogopa kujitokeza, na bado wanaogopa. Wengine wamekaa mbele ya wakili kwa saa nzima wakizungumzia mbuzi aliyeibiwa kabla ya kufikia jambo lililowaleta.

Sasa nirudi kwa mashirika yetu, maana hapa ndipo lawama yangu ilipo. Fedha za msaada wa kisheria West Nile huja kama fedha za wakimbizi. Sera ya nchi inataka sehemu ya 70 kwa 100 iende kwa wakimbizi na 30 kwa wenyeji, na fomu za ripoti zimechorwa hivyo: safu ya wakimbizi, safu ya wenyeji. Mteja wa Dranya niliyemweleza yumo katika safu zote mbili, na kwa hiyo hafai katika yoyote. Akiandikwa mkimbizi, kumsaidia apate kitambulisho cha taifa kunaonekana kama kumsaidia kufanya udanganyifu. Akiandikwa mwenyeji, mfadhili anauliza mbona ana kadi. Kijana aliyeajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja, anayepimwa kwa idadi ya watu waliohudhuria vikao vya elimu ya sheria chini ya mwembe, anajifunza haraka kwamba jalada la uraia ni la kuepukwa. Linachukua miezi, lina safari za Arua na Kampala, na mwisho wa robo mwaka linahesabiwa kama mtu mmoja.

Dola nayo haitamlipia mteja huyo wakili. Katiba, ibara ya 28, inamhakikishia mtu wakili wa serikali anaposhtakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha tu. Mtu anayepigania uraia wake hana chake hapo. Kwa hiyo ikiwa shirika halifanyi, hakuna wa kufanya. Ninachotaka si kigumu: safu ya tatu kwenye fomu, na jalada la uraia lihesabiwe kwa uzito wake. Ile 30 kwa 100 ya wenyeji ipo tayari, na imekuwa ikimalizikia kwenye visima na madarasa, ambavyo sivikatai. Sehemu yake ndogo ingetosha kumweka wakili mmoja mwenye uzoefu Koboko kwa miaka mitatu, akiwa na vijana wawili chini yake.

Uzoefu huo una maana kubwa, maana vijana wengi huachwa peke yao mapema mno. Aliyetoka chuoni bila kumaliza mafunzo ya Law Development Centre hawezi kusimama mahakamani, lakini anaruhusiwa kumshauri mtu ajifute au asijifute kwenye daftari la wakimbizi. Naliona hilo kama jambo la hatari kuliko kusimama mahakamani, kwa sababu hakimu akikosea kuna rufaa, ila mteja aliyejifuta kabla ushahidi wake wa uraia haujakamilika anaweza kukosa huku na huku. Utaratibu tunaoufuata ni kwamba ushahidi wa uraia unakusanywa wote kwanza, barua inaandikwa kwa ofisi zote mbili kwa uwazi, mteja anaeleza mwenyewe jinsi alivyoandikishwa mkimbizi, na hakuna kadi inayorudishwa kabla ya jibu la maandishi.

Ushahidi ndio kazi yenyewe. Wakristo wana bahati ya madaftari ya ubatizo. Misheni nyingi zimeyatunza, na mstari mmoja wenye jina la mama, kijiji na mwaka unaweza kumaliza shauri. Lakini Waislamu ni wengi Koboko, na kwao hakuna karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto wa 1977. Hapo unategemea watu. Ukimuuliza mzee mwaka, hatakujibu kwa mwaka. Atakujibu kwa kukimbia: kabla ya kukimbia kwa Amin, wakati wa kurudi, mwaka SPLA walipoiteka Yei. Wakili anayejua kwamba Yei ilitekwa Machi 1997 anaandika tarehe. Asiyejua anaandika "haijulikani", na jalada linakufa hapo hapo. Muulize mzee nani alimbeba nani, walilala wapi usiku wa kwanza, nani alizikwa njiani. Waulize wazee wawili kwa nyakati tofauti. Majibu yao yakikutana, una hati ya kiapo ambayo afisa atapata tabu kuikataa.

Mkalimani naye achaguliwe kwa makini. Katika wilaya hii utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili katika foleni moja, na anayetafsiri mara nyingi anatoka makazi yale yale na mteja, pengine ukoo ule ule au ukoo wenye ugomvi nao. Swali la babu yako ni nani si swali jepesi mbele ya mtu kama huyo, kwa sababu ndilo pia swali la nani ana haki ya shamba. Nimewazoesha vijana kumuuliza mteja kwanza, faraghani, kama anaridhika na mkalimani, na kuahirisha kikao asiporidhika hata kama boda ya kurudi Koboko imeshalipwa.

Aliyekuwa na miaka ishirini wakati Koboko iliposhambuliwa Oktoba 1980 ana zaidi ya miaka sitini na mitano sasa. Hao ndio wanaojua kwa macho yao nani alivuka na mtoto gani mgongoni, na hawajaandikiwa chochote. Ningekuwa na mradi wa mwaka mmoja tu na vijana wawili, nisingeanza na vikao vya chini ya mwembe. Ningewatuma Dranya, Lobule na Kuluba, kijiji kwa kijiji, kuwaandikisha wazee hao viapo mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, ukoo kwa ukoo, nakala moja ikae kwenye ofisi ya sabukaunti na nyingine kwetu, ili mjukuu atakayekuja kudai baada ya miaka kumi akute maneno ya shahidi yapo.